Chupa ya Soda na Moyo wa Mtoto



  Safari hii hatuzungumzi juu ya kuku wala mikopo. Tunazungumza juu ya chupa iliyo nyuma ya mlango wako.

Haya tunayasema kwa kuungama, si kwa kumnyooshea mtu kidole. Siku moja ya mkutano wetu, akina mama walikuwa wameketi chini ya mwembe wakihesabu pesa za mzunguko. Mtoto wa miaka miwili, mjukuu wa mwanachama mmoja, akashikwa na kiu. Nyuma ya mlango palikuwa na chupa ya soda, na ndani yake mafuta ya taa kidogo yaliyobaki baada ya kujaza koroboi. Chupa ile mtoto aliijua, kwa sababu siku ya sikukuu alinyweshwa soda katika chupa kama ile ile. Akapiga funda. Sisi tulisikia kikohozi tu.

Basi kila mmoja wetu akawa daktari. Mmoja alimtia kidole kooni ili atapike. Mwingine akaja mbio na maziwa. Mwingine akasema dawa ni dafu. Mtoto alitapika mara mbili, akalia, kisha akanyamaza akalala. Tukamshukuru Mungu, tukaendelea na hesabu zetu. Jioni pumzi zikawa za haraka, mbavu zikawa zinaingia ndani, midomo ikawa ya kijivu, na ukimwekea mkono kifuani unasikia moyo unakwenda mbio kama wa ndege aliyeshikwa. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta gari. Mtoto alikaa wodini siku nne akipewa oksijeni, na Mungu akamrudisha nyumbani mzima.

Kule hospitalini tuliulizwa: amekunywa nini? Saa ngapi? Nani alimtapisha? Hilo la mwisho lilituchoma sana, maana aliyemtapisha alifanya hivyo kwa mapenzi. Tangu siku hiyo tumeuliza na kusoma, na sasa tunawaletea tuliyojifunza. Jambo kubwa ni hili: mtu aliyemeza kemikali anaweza kuonekana ametulia, kumbe moyo wake bado uko hatarini. Kunyamaza si kupona.

MOYO NI PAMPU

Watu wa Kwale tunaijua pampu. Katika miaka ya 1980 pampu ya mkono iitwayo Afridev ilifanyiwa majaribio katika vijiji vyetu hivi vya kusini mwa pwani, na akina mama wakafundishwa kuitunza. Mama aliyewahi kutunza pampu anajua kwamba maji hayatoki kwa bahati. Kisima lazima kiwe na maji. Raba na vyuma vya ndani lazima viwe vizima. Na yule anayepiga mkono lazima apige kwa mwendo mmoja, si mara mbio, mara asimame.

Moyo nao ni vivyo hivyo. Kisima chake ni damu iliyo mwilini. Vyuma vyake ni nyama ya moyo wenyewe, ambayo haipumziki usiku wala mchana na inataka oksijeni kila dakika. Na mkono unaoupiga ni umeme mdogo unaozaliwa ndani ya moyo, ambao hutegemea chumvi za damuni kama potasiamu na kalisiamu zikae kwa kipimo chake. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wa mtoto wa miaka miwili huenda haraka zaidi, kama mara 100 hadi 140.

Sumu ya nyumbani inaweza kuufikia moyo kwa njia nne:

1. Kuunyima oksijeni. Sumu ikiingia mapafuni, mapafu hujaa uchafu na hewa haipiti. Moyo hukimbia kwanza ili kufidia. Ukichoka, huanza kwenda polepole. Mtoto aliyekuwa anahema mbio kisha akaanza kuhema kwa nadra na moyo ukapungua mwendo, huyo hajapata nafuu. Huyo anakata roho.

2. Kukausha kisima. Sumu inayochoma koo na tumbo humfanya mtu atapike, aharishe, au avuje damu kwa ndani. Damu na maji vikipungua, presha hushuka, mikono na miguu huwa baridi, na moyo hupiga bila kupata cha kusukuma.

3. Kuharibu mwendo. Sumu nyingine huugusa ule umeme wenyewe, au mishipa ya fahamu inayouamuru moyo. Mapigo huwa ya polepole mno, au ya mbio mno, au ya ovyo ovyo.

4. Kuharibu nyama ya moyo. Hii ni ya sumu chache, lakini ndizo kali kuliko zote.

TUANGALIE VITU VYENYEWE

Mafuta ya taa, petroli na thina

Mafuta ya taa ni mepesi kuliko maji na hutambaa. Yakikaa tumboni madhara yake si makubwa sana. Hatari ni pale yanapopotea njia na kuingia mapafuni, na hata matone machache yanatosha kuleta kichomi kikali. Ndiyo maana kutapisha ni kosa kubwa: mafuta yaliyoshuka salama unayaita yapande tena, na yakipanda yanapita mlangoni pa mapafu kwa mara ya pili. Mtoto wetu tulimtendea hivyo hivyo.

Hapa pwani jambo hili si geni. Mwaka 2008 watafiti wa hospitali ya Kilifi walichapisha habari za watoto waliolazwa huko kwa kumeza mafuta ya taa bila kukusudia. Ingawa siku hizi taa za sola zimeingia nyumba nyingi, chupa ya mafuta ya jiko bado ipo.

Petroli ya injini za mashua na za bodaboda, pamoja na thina ya rangi, zina ubaya mwingine. Mvuke wake ukiingia damuni kwa wingi, moyo huwa mwepesi wa kushtuka. Mtu akikimbizwa, akitishwa au akipigwa wakati huo, mwili humwaga ile homoni ya hofu, na moyo unaweza kuruka mwendo ghafla na kusimama. Kwa hiyo mzazi, ukimkuta mtoto na chupa ya petroli, usimfokee wala usimchape. Mchukue taratibu. Fimbo ya siku hiyo inaweza kuua.

Dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya mimea na ya kunguni

Wafugaji wa Kinango na Lunga Lunga, sikilizeni vizuri. Dawa nyingi za kupe na za wadudu wa shambani hushika mishipa ya fahamu. Dalili zake utazijua: mate yanatiririka, jasho jingi, machozi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, kifua kinakoroma, misuli inatetemeka, na mara nyingi moyo unakwenda polepole. Dawa nyingine za kupe zinamtia mtu usingizi mzito na kumpunguzia mapigo pia. Sumu hizi hupenya hata kwenye ngozi. Kwa hiyo nguo zilizolowa zivuliwe upesi na mwili uoshwe kwa maji na sabuni, na anayeosha ajikinge mikono, hata kwa mifuko ya plastiki.

Habari njema ni kwamba hospitali inayo dawa ya kupambana na aina nyingi za sumu hizi, nayo ni atropini. Daktari huitoa kidogo kidogo mpaka kifua kikauke na moyo ushike mwendo. Lakini lazima mgonjwa amfikie.

Vidonge vya kuhifadhia mahindi

Mahindi yakivunwa, dumuzi na fukusi hawachelewi. Watu wengine hununua vidonge vinavyotoa gesi na kuviweka katika gunia, na gunia lenyewe liko chumbani wanamolala. Vidonge hivi vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini. Gesi hii huvamia nyama ya moyo yenyewe na kushusha presha. Mgonjwa anaweza kuwa anazungumza nawe vizuri kabisa, hali moyo unazidi kudhoofika. Hakuna dawa ya moja kwa moja ya kuifuta, ila madaktari hupigania moyo na presha, na wapo wanaopona kwa kufikishwa mapema. Aliyemeza kidonge hiki asinyweshwe maji nyumbani, maana maji huzidisha gesi. Mpelekeni penye hewa, kisha hospitalini bila kupoteza hata dakika.

Ushauri wetu ni kwamba vidonge hivi visiingie nyumba ya kulala watu hata mara moja. Ipo mifuko maalum isiyopitisha hewa. Mahindi yakikaushwa vizuri na mfuko ukafungwa barabara, wadudu hufa wenyewe kwa kukosa hewa, bila sumu yoyote. Kikundi kinaweza kuinunua kwa pamoja.

Kostiki, jiki na maji ya betri

Hapa tunawasemesha hasa wale wanaotengeneza sabuni, na ni wengi: kuanzia akina mama wa mwani kule Kibuyuni mpaka vikundi vya Ukunda vinavyouza sabuni ya maji. Kostiki ni moto. Ikilowa maji inaonekana kama maji matupu. Mtoto akiimeza huunguza mdomo, koo na tumbo. Moyo hupata taabu kwa njia ile ya kisima kukauka, na sehemu iliyoungua ikitoboka, uchafu unaweza kuingia kifuani jirani na moyo wenyewe. Maji ya betri ya gari au ya sola ni asidi, nayo huunguza vilevile. Jiki ya kufulia ni dhaifu zaidi, lakini ikinywewa nyingi nayo si mchezo.

Na tuseme ukweli: sabuni yetu ya maji tunaijaza katika nini? Katika chupa za maji na za soda tulizookota au kununua kwa wanaokusanya chupa za hotelini. Ina rangi nzuri ya kijani au ya waridi, na inanukia ndimu. Mtoto gani hataionja? Sabuni ya kawaida huenda ikamwachia povu na kichefuchefu tu, lakini tumeshamfundisha mtoto kwamba kilicho ndani ya chupa ya soda kinanyweka. Kesho akikuta kostiki katika chupa kama hiyo, somo amelipata kwetu.

Dawa za babu na nyanya, na betri ndogo

Vidonge vya presha vya wazee ni kidogo kwa mtu mzima, lakini kwa mtoto mdogo hata kimoja au viwili vinaweza kushusha presha na kupunguza mapigo ya moyo. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa akina mama wajawazito kliniki vinafanana na peremende. Mtoto akila vingi huumwa tumbo, kisha huonekana kama amepata nafuu, halafu siku ya pili ini na moyo vinaanza kuzorota. Ile nafuu ya katikati ndiyo inayodanganya watu.

Tena kuna betri ndogo za mviringo, mfano wa shilingi, zinazotiwa katika saa, rimoti na vitu vya kuchezea. Ikikwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa mbili, na inaweza kula mpaka ikafikia mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni. Hii si ya kusubiri itoke na choo. Ni ya kwenda hospitalini saa hiyo hiyo.

TULIYOZOEA, LAKINI TUYAACHE

Kumtapisha kwa kidole, maji ya chumvi au maji ya sabuni. Mafuta huingia mapafuni, na kitu kinachochoma huchoma mara mbili.

Kumjaza maziwa, dafu, mayai mabichi au mafuta ya kupikia. Maziwa hayafuti sumu. Yanajaza tumbo, na tumbo lililojaa hutapika. Kwa sumu nyingine mafuta huzidisha kuingia kwake damuni.

Kumpa mkaa uliosagwa wa jikoni. Hospitali hutumia mkaa wa namna maalum kwa baadhi ya sumu, lakini wa jikoni siyo huo, na kwa mafuta ya taa au kostiki hata ule wa hospitali haufai.

Kumlaza na kusema tutaona kesho. Aliyemeza mafuta ya taa anatakiwa kuangaliwa na mhudumu wa afya kwa muda wa saa sita angalau, hata kama anacheza. Sumu nyingine zinataka siku nzima au zaidi.

FANYENI HIVI

1. Mwondoeni mgonjwa kwenye sumu. Kama kuna mvuke au gesi, mtoeni nje. Nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe. Kama jicho limeingiwa, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.

2. Futeni mdomo, na mtoto asukutue kama anaweza. Kama alichomeza ni cha kuchoma, kwa mfano kostiki au jiki, na yuko macho na anameza bila taabu, anaweza kupewa maji mafunda machache tu. Akikataa asilazimishwe. Kwa mafuta ya taa, petroli, dawa za wadudu na vidonge vya mahindi, asipewe kitu.

3. Akisinzia au akitapika mwenyewe, mlazeni ubavu wa kushoto, uso umeelekea chini kidogo, ili matapishi yatoke nje.

4. Chukueni chupa, pakiti au karatasi ya dawa mwende nayo. Kumbukeni saa. Daktari akijua ni nini na ni saa ngapi, nusu ya kazi imekwisha.

5. Safari ianze mara moja. Nendeni kituo chenye daktari na oksijeni kilicho karibu: kwa wengi wetu ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale Msambweni, au hospitali za Kwale na Kinango. Msiipite hospitali ya karibu mkakimbilia Mombasa kwa kudhani ndiyo kubwa. Foleni ya feri ya Likoni haimjui mgonjwa. Wacha hospitali ya karibu imtulize kwanza. Kama atahitaji kupelekwa Coast General, watampeleka akiwa na oksijeni na mtu wa kumwangalia njiani.

6. Akiacha kupumua na hana dalili ya uhai, anzeni kumkandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa mwendo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakati mwingine akiita msaada. Kazi hii haifundishiki kwa gazeti. Alikeni mtu wa kituo cha afya au wa Msalaba Mwekundu aje awafundishe siku ya mkutano. Simu za dharura za serikali ni 999 na 112.

MKIFIKA HOSPITALINI

Msishangae mgonjwa akibandikwa nyaya kifuani. Hiyo ni mashine ya kusoma umeme wa moyo. Haimpigi shoti, inasikiliza tu. Watapima presha na oksijeni, na huenda wakatoa damu kuangalia zile chumvi tulizotaja. Wakisema alale mpaka kesho, mkubali. Tumewaona watu wakimtorosha mgonjwa kwa sababu anaongea na kula, na ya gharama yanawaumiza kichwa. Basi jisajilini mapema katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, msingoje mpaka siku ya msiba.

Mkirudi nyumbani, mtoto akiwa na homa, kikohozi kisichopungua, kuchoka upesi kuliko wenzake, kuzimia au taabu ya kumeza, arudishwe akaangaliwe.

ALIYEKUNYWA KWA KUKUSUDIA

Hatutaki kulipita jambo hili kimya. Si kila anayemeza sumu ni mtoto, na si kila mkubwa amekosea chupa. Deni, ugomvi wa nyumbani, mimba, mtihani, upweke: mambo haya yapo katika vijiji vyetu na katika makanisa na misikiti yetu.

Zamani familia nyingi ziliogopa kumpeleka mtu wa namna hiyo hospitalini, kwa sababu sheria ilimhesabu kuwa mhalifu. Wengine walisema uongo kwa daktari, na matibabu yakakosea njia. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichomwadhibu mtu aliyejaribu kujiua, kinapingana na Katiba. Kwa hiyo hofu ya kituo cha polisi isimcheleweshe mtu. Semeni ukweli kwa daktari. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Na akipona, asisimangwe. Asiwekwe mbele ya watu akahubiriwe. Akae na mtu anayempenda, asiachwe peke yake, sumu ziondolewe nyumbani, na mpeleke kwa mhudumu wa afya anayeshughulika na maradhi ya moyo huu mwingine, moyo wa huzuni. Wengi waliovuka siku ile moja mbaya wameishi miaka mingi na kulea watoto. Nawe unayesoma, kama wazo hilo limekujia, mwambie mtu leo.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, chupa. Tukubaliane kama sheria ya kikundi kwamba hakuna kemikali itakayotiwa katika chupa ya soda, ya maji, ya maziwa wala kikombe. Huko Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, familia za eneo moja la mashambani ziligawiwa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua. Watoto waliomeza mafuta wakapungua karibu nusu. Marekani nayo tangu mwaka 1970 ina sheria ya vifuniko vya namna hiyo kwa sumu za nyumbani. Si lazima tungoje sheria. Wauzaji wa sabuni, nunueni galoni zenye vifuniko vigumu kwa jumla, na kila moja ipakwe alama moja ambayo kijiji kizima kitaijua, hata kwa asiyejua kusoma. Mteja arudishe galoni yake ijazwe tena.

Pili, mahali. Sumu ikae juu kuliko mkono wa mtu mzima, ndani ya sanduku lenye kufuli, si chini ya kitanda wala nyuma ya mlango. Koroboi na jiko vijazwe wakati watoto hawapo, na galoni ifungwe kabla hujawasha kiberiti.

Tatu, kutembeleana. Wanachama wawili wawili wapite kila nyumba mara moja kwa miezi mitatu, pamoja na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Wasiende kama askari. Waende kama jirani anayekuja kunywa chai, kisha waulize: mafuta unaweka wapi, mama?

Nne, mfuko wa dharura. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa wiki, kitapata shilingi 500 kwa wiki, na kwa mwaka shilingi 26,000. Pesa hizi zisikopeshwe. Ni za gari la usiku. Na namba za wenye gari wawili zibandikwe katika mlango wa kila mwanachama.

Katika Maandiko tunasoma habari za wanafunzi wa manabii waliopikiwa matango mwitu na mtu asiyeyajua. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatafuta chakula wakati wa njaa. Walipoonja hawakunyamaza kwa aibu ya mpishi, bali walipaza sauti palepale, na Elisha akatafuta njia. Nasi hatuna nia mbaya na watoto wetu. Yaliyobaki ni kupaza sauti mapema.

Yule mtoto wetu sasa anakimbia. Siku za mkutano hupita katikati ya mkeka na kuzichanganya pesa. Mwenye nyumba aliitupa ile chupa ya soda, na nyuma ya mlango siku hizi pamekaa ufagio.

MASWALI YA KUJADILI

1. Leo ukifika nyumbani, utakuta kemikali ngapi katika vyombo vya chakula?

2. Katika kijiji chetu mtu akimeza sumu saa nane za usiku, nani ana gari, na pesa za mafuta zitatoka wapi?

3. Nani kati yetu amewahi kumnywesha mtu maziwa kwa sababu ya sumu? Sasa atafanya nini?

4. Kikundi kitaanza lini kutumia galoni zenye alama, na nani atasimamia?

Majibu yenu tuleteeni siku ya semina ya vikundi, nasi tutayachapa ili wengine wajifunze.

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.